Kabla Hujapamba Ukuta wa Gereji

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Leo tunaingia mahali ambapo mgeni hapelekwi: gereji. Simaanishi gereji ya fundi magari pale mtaani. Nazungumzia kile chumba cha gari kilichoshikana na nyumba. Unaingiza gari, unashuka, unafungua mlango mdogo wa pembeni, umeshafika jikoni.

Mazungumzo haya yanawahusu zaidi ndugu zetu walioko Marekani na Kanada. Leo Kiswahili kinasikika Iowa, Kentucky, Texas, Minnesota na Alberta, kwa lafudhi za Mombasa, za Dar es Salaam, za Bukavu na Uvira. Wengi walianza kwa kupanga, na baadhi sasa wana nyumba zao. Nyumba hizo aghalabu zina gereji, na ukuta wa gereji aghalabu unatia aibu: jipsamu ya kijivu, haijapakwa rangi, viungo vimebandikwa tepu na kupitishwa plasta mkono mmoja tu. Baba anataka plaiwudi ili atundike ngazi na baiskeli. Mama ameziona mtandaoni paneli za PVC zenye michirizi, zile zilizojaa sasa kwenye sebule za Dar es Salaam na Nairobi. Kijana wao naye anataka sponji za kumeza sauti, maana pembe moja ameifanya studio. Kila mmoja anauliza: niweke nini ukutani?

Nami nawarudishia swali: ukuta upi?

Kuta za gereji hazifanani kazi. Unaotazama uani ni wa kuzuia mvua na upepo. Ule unaoitenga gereji na nyumba mnamolala ni wa kuzuia moto, na dari nayo ni hivyohivyo ikiwa juu yake kuna chumba. Ukipamba wa kwanza vibaya, utakuwa umeharibu mwonekano. Ukipamba wa pili vibaya, umegusa usalama wa wanao. Ndiyo maana leo tunashughulika na huo wa pili.

Tuanze na sababu ya ukuta huo kuwapo. Nyumba nyingi za Amerika ya Kaskazini husimamishwa kwa nguzo za mbao, si kwa tofali. Ndani ya mbao hizo wanaingiza chombo chenye tangi la petroli. Kando yake kuna mashine ya kukata majani, makopo ya rangi, betri zinazochajiwa, pengine na heta ya maji ya gesi. Petroli ina tabia moja ambayo watu huisahau: hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo baridi ya Minnesota haikulindi. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni ukitafuta cheche. Kwa sababu hiyo kanuni za Marekani zinataka kiwashio cha heta ya maji iliyo gerejini kiwe juu ya sakafu kwa inchi 18 au zaidi. Shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia zimamoto, USFA, lilikadiria kwamba kati ya mwaka 2009 na 2011 kulikuwa na mioto ipatayo 6,600 kila mwaka katika gereji za nyumba za kuishi, na watu wapatao 30 walikufa kila mwaka kwa mioto hiyo.

Moto wa gereji unaweza kuanza usiku, watu wamelala, na huko hakuna mtu wa kuuona mapema. Ukuta haukuwekwa ili kuuzima. Umewekwa ili uucheleweshe mpaka king'ora cha moshi kilie, watoto waamshwe, na wote watoke kwa mlango wa mbele. Dakika hizo chache ndizo mali yenyewe.

Kanuni inasemaje? Majimbo mengi ya Marekani hufuata kanuni ya ujenzi wa makazi inayojulikana kwa herufi IRC, kila jimbo au mji ukiwa na marekebisho yake. Kanuni hiyo inataka ukuta kati ya gereji na nyumba uvikwe, upande wa gereji, jipsamu isiyopungua nusu inchi, yaani karibu milimita 13, au kitu kingine kilichothibitishwa kuwa sawa nayo. Kama juu ya gereji kuna vyumba vya kuishi, dari ivikwe jipsamu ya inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, tena ile iliyopigwa chapa ya Type X. Iko miji inayotaka Type X kila mahali, ukutani na darini. Na kama nyumba yako imeshikana na ya jirani, ukuta mnaochangia una masharti makali zaidi, ya kustahimili moto kwa saa moja au mbili. Kwa hiyo usichukue jibu la shemeji yako wa Dallas ukalitumia Columbus. Uliza ofisi ya majengo ya mji wako.

Sasa tuitazame jipsamu yenyewe. Kwetu tumeizoea kama urembo wa dari, ile yenye ngazi na taa za kujificha. Malighafi yake si ngeni. Mawe ya jasi yanachimbwa Tanzania, Makanya kule Kilimanjaro na Itigi kule Singida. Nguvu yake mbele ya moto haitokani na ugumu, kwani ngumi tu inaweza kuitoboa. Inatokana na maji. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake. Moto unapoipiga bodi, maji hayo huanza kutoka kama mvuke na kumeza joto, na muda wote ambao hayajaisha, upande wa pili wa bodi hauwi na joto la kutisha. Ni habari ya sufuria jikoni: maji yakiwamo haiungui, yakikauka ndipo balaa. Bodi ya kawaida maji yakishaisha husinyaa, ikapasuka na kudondoka. Type X imechanganywa na nyuzi za kioo zinazoishika isimomonyoke haraka.

Tofauti hiyo ina hesabu. Katika jedwali ambalo wahandisi wa Marekani hulitumia kukadiria ukuta wa mbao, jipsamu ya kawaida ya nusu inchi huhesabiwa dakika 15. Type X ya inchi 5/8 huhesabiwa dakika 40. Plaiwudi ya karibu nusu inchi huhesabiwa dakika 10, na katika dakika hizo 10 yenyewe ni kuni. Zikumbuke namba hizi utakapokuwa dukani.

Dukani ndiko watu wanakopotelea, kwa sababu kuna vipimo viwili tofauti na wauzaji huvichanganya. Kipimo cha kwanza huuliza: ukuta huu utauzuia moto kwa muda gani usivuke upande wa pili? Jibu lake ni dakika au saa. Ukuta mzima hujengwa mbele ya tanuru, pamoja na nguzo zake, bodi zake, skrubu zake na viungo vyake, ukachomwa na kupimwa. Kwa hiyo saa moja ni sifa ya ukuta wote. Bodi moja iliyoegeshwa dukani haina saa moja.

Kipimo cha pili huuliza: uso wa kitu hiki ukiguswa na moto, miali itakimbia juu yake kwa kasi gani, na moshi utakuwa kiasi gani? Hiki hufanywa katika handaki la futi 25 lililobuniwa na Albert Steiner wa maabara ya Underwriters Laboratories, na siku hizi hujulikana kwa jina la ASTM E84. Kitu hubandikwa darini mwa handaki, moto ukawashwa upande mmoja, ikatazamwa kwa dakika 10 miali imefika wapi. Mbao za mwaloni mwekundu zimewekwa kuwa alama ya 100. Kinachopata 0 hadi 25 huitwa daraja A, 26 hadi 75 ni daraja B, 76 hadi 200 ni daraja C. Kanuni ya makazi ya IRC inaruhusu mapambo ya ndani ya ukuta hadi 200 kwa miali na hadi 450 kwa moshi.

Basi sikiliza vizuri hapa. Paneli ya plastiki inaweza kuwa daraja A, ikiandikwa kwa herufi kubwa kwamba imefaulu jaribio la moto, na bado isiweze kuuzuia moto kuvuka ukuta hata kwa muda mfupi. Ilipimwa uso, haikupimwa ustahimilivu. Mwenye duka hadanganyi anaposema ina cheti. Ila cheti hicho hakijibu swali lako. Ukibandua jipsamu ukaweka paneli hiyo peke yake, ukuta wa kuzuia moto huna tena, una pambo lenye cheti.

Upande wa pili wa jambo hili ni kwamba ukuta mzuri unaweza kuvikwa nguo mbaya. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa starehe wa The Station huko West Warwick, jimbo la Rhode Island, fataki za wanamuziki zilishika sponji zilizobandikwa ukutani kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Tarehe 14 Juni 2017, London, jengo la Grenfell Tower liliwaka. Lilikuwa jengo la zege, na zege haliwaki. Lakini lilikuwa limevikwa kwa nje paneli zenye plastiki katikati ya mabati mawili ya aluminiamu. Watu 72 walikufa. Gereji si ukumbi wala ghorofa 24, najua. Lakini kanuni ya moto ni ileile: moto hautazami ukuta umejengwa kwa nini, hutazama kwanza umevishwa nini.

Kwa hiyo kila kifuniko unachofikiria, kiulize maswali mawili. Je, kinaiacha jipsamu mahali pake, nzima? Na je, chenyewe kitaulisha moto kiasi gani? Tupite navyo kimoja kimoja.

Rangi. Hii ndiyo rahisi na salama kuliko vyote. Tabaka lake ni jembamba mno kuongeza kitu kwenye moto, na kanuni yenyewe inaviacha huru vitu vilivyogandishwa moja kwa moja ukutani vikiwa vyembamba chini ya milimita moja hivi, yakiwamo makaratasi ya ukuta. Kabla ya kupaka, kamilisha viungo: tepu, plasta, na kufunika vichwa vya skrubu. Hapo unapata faida mbili, uso laini na ukuta usio na nyufa. Paka rangi ya kwanza ya kuzibia vinyweleo, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe au kijivu kinachong'aa kidogo ili ufutike. Zipo pia rangi zinazovimba zinapopata joto. Ni nzuri zikitumika pale zilipopimwa, lakini hazigeuzi ukuta wa mbao tupu kuwa ukuta wa jipsamu.

Plaiwudi, pamoja na zile bodi za vipande vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Hili ndilo ombi kubwa kuliko yote, nami naelewa, kwa sababu plaiwudi inashika skrubu popote, na jipsamu haishiki. Jibu ni hili: usiiweke badala ya jipsamu, iweke juu ya jipsamu. Plaiwudi nyingi ziko daraja C, kwa hiyo kwa uso zinakubalika katika nyumba za makazi maeneo mengi. Tumia skrubu ndefu zinazopita jipsamu na kuingia vizuri kwenye nguzo. Tundu la skrubu lililojazwa na skrubu yenyewe si tatizo. Jipsamu nayo ilifungwa kwa skrubu. Wengine wananunua plaiwudi iliyotiwa dawa ya kupunguza moto, nayo hupanda hadi daraja A. Ni hatua njema, lakini dawa hiyo imepunguza mbio za miali tu, haijaifanya plaiwudi ichukue nafasi ya jipsamu. Na huhitaji kuvika ukuta wote. Ubao mmoja mpana wa kwenda mlalo, uliofungwa kwenye nguzo juu ya jipsamu, unatosha kutundika ngazi, mafagio na baiskeli, na kuni unazoongeza gerejini ni chache.

Bodi za matundu za kutundikia zana, na zile za MDF zenye mifereji. Hizi ni mbao zilizosagwa na kugandishwa, zinawaka. Zikiwa kipande juu ya meza ya kazi hazina neno. Zikivishwa ukuta mzima huo wa nyumba, umeweka mzigo mkubwa wa kuni mahali ulipotakiwa kuupunguza. Kama unapenda mtindo huo, tafuta wa bati la chuma.

Paneli za PVC na plastiki nyingine. PVC haishiki moto kwa wepesi kama plastiki nyingi, na baadhi ya paneli zimefikia daraja A. Lakini inapoungua hutoa gesi ya tindikali inayokereketa koo na mapafu, na moshi ndio unaoua wengi kabla ya miali kuwafikia. Kama umeshaipenda, iweke juu ya jipsamu, omba karatasi ya majibu ya jaribio yenye namba za miali na za moshi, na usiibandike darini. Ukaguzi wako uwe kwenye namba hizo mbili, usiwe kwenye picha ya kasha.

Bati la chuma na bodi ya saruji. Hapa napongeza. Chuma hakiulishi moto, hufutika, na hustahimili misukosuko ya koleo na magurudumu. Bodi ya saruji inafaa sana sehemu ya chini. Walioko kwenye theluji wanajua shida yenyewe: gari linaingia limebeba theluji na chumvi ya barabarani, theluji inayeyuka, maji yanafika ukutani, karatasi ya jipsamu inavimba na kuoza. Ukuta uliooza chini haukingi kitu. Badili kwanza jipsamu iliyoharibika, kisha vika juu yake mkanda wa bodi ya saruji au bati kwa futi mbili au tatu kutoka sakafuni. Hapo umepamba na umeulinda mlinzi.

Sponji, mazulia ya ukutani, na foamu ya kuzuia baridi iliyoachwa wazi. Hivi, hapana. Kijana wa studio aniwie radhi. Foamu ya plastiki inapotumika ndani ya nyumba kanuni inataka ifunikwe na kizuizi cha joto, na kizuizi cha kawaida ni hiyohiyo jipsamu ya nusu inchi. Ikae nyuma ya jipsamu, kamwe isikae mbele yake. Na mbao chakavu za makreti zinazopigwa picha zikapendeza, kavu, nyembamba, zenye nafasi katikati, ndivyo vibanzi vya kuwashia moto. Ziweke kwenye ukuta wa uani ukitaka, si kwenye huu.

Kuna kosa la ufundi linalokwenda na mapambo haya. Fundi hupiga fito juu ya jipsamu kisha akafunga paneli juu ya fito, nyuma pakabaki uwazi kutoka sakafuni hadi darini. Uwazi huo ni njia ya moto usioonekana, unapanda nyuma ya paneli huku wewe unatazama mbele. Kifuniko kikae kimelala juu ya jipsamu. Kama fito hazikwepeki, kanuni inataka uwazi uzibwe kwenye usawa wa sakafu na wa dari, na mlalo kila baada ya futi 10 au pungufu.

Tukitoka kwenye vifuniko tuje kwenye matundu, maana ukuta mwingi huharibiwa na tundu kuliko na pambo. Soketi mpya imewekwa, jipsamu imekatwa ovyo kuizunguka. Waya wa kuchajia gari la umeme umepitishwa, tundu likaachwa wazi. Bomba la maji limetengenezwa, kipande hakikurudishwa. Kabati limezamishwa ndani ya ukuta ili lisitokeze. Dari imekatwa kuweka ngazi ya kukunja ya kupandia stoo ya juu, na mfuniko wake ni plaiwudi nyembamba. Kila moja ya hizo ni mlango wa moto. Matundu ya mabomba na nyaya yazibwe kwa kitu kilichokubaliwa kwa kazi ya moto, si kwa gazeti wala silikoni yoyote iliyosalia bafuni. Mabomba ya hewa yanayovuka ukuta huo yawe ya bati la chuma lenye unene usiopungua geji 26, na yasiwe na tundu linalofungukia gerejini. Usipoziba ufa, wenzetu walishamaliza usemi, ila hapa hata huo ukuta wa kujenga upya huenda usiwe na mtu wa kuujengea.

Mlango nao ni sehemu ya ukuta. Kanuni inataka uwe wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, au wa chuma, unene wa inchi moja na 3/8 au zaidi, au mlango uliopimwa dakika 20. Matoleo ya karibuni yanataka ujifunge wenyewe, japo miji mingine imelegeza sharti hilo. Ukiukata chini ili paka apite, umeuharibu. Ukiuegesha tofali ubaki wazi siku nzima, ni kama haupo. Na kutoka gerejini moja kwa moja kuingia chumba cha kulala, mlango hauruhusiwi kabisa.

Ndugu zetu wa Kanada, kwenu kanuni ya nyumba ya familia moja inatilia mkazo zaidi gesi: ukuta na dari vizuie moshi wa gari usipenye ndani, mlango ubane vizuri na ujifunge wenyewe. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Kwa hiyo viungo vya jipsamu kuzibwa sawasawa kunakukinga na moto na vilevile na sumu. Kokote uliko, nyumba yenye gereji ndani iwe na king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Sitawasahau mlioko nyumbani, kwani nyumba za gereji ndani zinaongezeka Kigamboni, Kiambu na kwingineko. Kuta zetu za tofali na lipu haziwaki, na kwa hilo mna heri. Lakini tazameni juu. Mara nyingi kuta za vyumba huishia kwenye lenta, na nafasi chini ya mabati ni moja kwa nyumba nzima. Moto wa gereji ukipasua dari ya PVC au ya mbao laini, hupita juu ya ukuta wenu mzuri wa tofali na kushuka vyumbani. Mwambieni fundi ukuta wa gereji upande hadi chini ya mabati, na dari ya gereji iwe ya jipsamu tupu bila mapambo. Jenereta na madumu ya petroli yakae nje kabisa.

Msikilizaji, kama umepanga, usipige hata msumari kabla ya kuzungumza na mwenye nyumba. Kama nyumba ni yako, fuata mpangilio huu: gonga ukuta ujue kama una jipsamu na ni ya unene gani; rekebisha palipooza na uzibe matundu; uliza ofisi ya majengo ya mji wako inataka nini na kama kibali kinahitajika; ndipo uchague cha kuweka juu. Muuzaji akikuambia paneli yake haihitaji jipsamu chini yake, mwombe karatasi ya jaribio la ukuta mzima, yenye dakika zake. Asipokuwa nayo, ondoka.

Na ukishindwa kuamua kati ya yote niliyoyataja, acha jipsamu ilivyo, maliza viungo, paka rangi nyeupe. Ni rahisi, inapendeza, na familia yako inabaki na dakika zake zote.